Meli ya wavuvi wa Japani, urani ya Katanga, na mstari usiofaa kuongezwa

Katika Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika ndani yake, kuna makala juu ya meli moja ya uvuvi ya Japani. Jina lake ni Daigo Fukuryū Maru. Ni meli ya mbao, ya tani 140 hivi, na urefu wake unapita kidogo mita 28. Kazi yake ilikuwa kuvua jodari, yule samaki mkubwa wa bahari ambaye huku Kivu watu wengi wamemjua akiwa ndani ya mkebe tu. Meli hiyo haina uhusiano wowote na ziwa letu wala na bandari zetu. Lakini Mkongo anayeisoma makala yake kwa uangalifu anafika pahali fulani anasimama, na kidole kinaanza kutafuta kitufe kilichoandikwa Hariri.

Anataka kuongeza mstari mmoja juu ya Kongo. Mstari huo unaonekana kuwa wa haki kabisa. Hata hivyo haufai kuongezwa, na sababu yake inazigusa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru, Kalehe ao Fizi, ambazo kila asubuhi zinaamua kwenda ama kubaki kwa kusikiliza habari za simu.

Kwanza habari ya meli yenyewe.

Ilijengwa mwaka 1947. Tarehe 22 Januari 1954 ilitoka bandari ya Yaizu ikiwa na wanaume 23. Walianza kuvua upande wa Midway, wakapoteza sehemu kubwa ya mishipi yao, wakageuka kusini kuelekea Visiwa vya Marshall. Alfajiri ya tarehe 1 Machi walikuwa kilomita 160 hivi mashariki ya Bikini. Ghafula upande wa magharibi ukawaka, kama jua linachomoza pahali ambapo kila siku linatua. Dakika chache nyuma yake ikaja ngurumo. Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni, jaribio lililopewa jina la Castle Bravo. Wataalamu wake walikuwa wamehesabu nguvu ya megatoni 6 hivi. Ilifika 15.

Saa chache baadaye vumbi jeupe likaanza kuanguka juu ya meli. Yalikuwa mawe ya matumbawe ya kile kisiwa, yaliyosagwa na moto wa bomu na kurushwa juu pamoja na sumu ya mionzi. Wakaaji wa Goma, wanaojua majivu ya volkano, wanaweza kuona picha hiyo bila kuelezwa sana: unga unaingia machoni, puani, ndani ya kola ya shati. Wavuvi waliendelea kuvuta mishipi yao saa nyingi chini ya vumbi hilo, juu mvuvi haachi mishipi yake baharini. Jioni wengine walianza kutapika. Siku zilizofuata ngozi ikaungua na kuwa nyeusi, nywele zikang'oka. Walifika Yaizu tarehe 14 Machi, na siku mbili baadaye gazeti la Yomiuri Shimbun likatoa habari yao. Hofu ikaingia masokoni Japani nzima. Jodari wengi wakapimwa, wakakutwa na mionzi, wakazikwa ardhini. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo Kuboyama Aikichi, mkuu wa redio ya meli, akafa hospitalini Tokyo. Alikuwa na miaka 40.

Mtu akisikia habari hii mara ya kwanza, anafikiri kuiandika ni rahisi. Kila sentensi yake ina mgogoro ndani.

Kuanzia jina. Dai-go maana yake ni ya tano, fuku ni bahati, ryū ni joka, na maru ni neno ambalo Wajapani wanatia mwishoni mwa majina ya meli. Mwenye kutafsiri haraka ataandika Joka la Bahati Namba 5. Lakini Mkristo wa Bukavu akisikia joka anakumbuka mara moja kitabu cha Ufunuo, na joka la kule si la bahati hata kidogo. Kwa Wajapani, ryū ni kiumbe cha maji na mvua, chenye heshima. Basi afadhali jina libaki la Kijapani, na maana yake ielezwe pembeni. Kuna jambo moja ambalo Kiswahili kimepona: kwa Kiingereza wahariri wamebishana miaka mingi kama meli iitwe kwa neno la mwanamke ao kwa neno la kitu, mpaka sheria yao ikaruhusu yote mawili, mradi makala moja isichanganye. Huku meli imetoka, meli imerudi, basi.

Kuna suala la pahali meli ilipokuwa. Lewis Strauss, aliyekuwa mkuu wa tume ya nishati ya atomiki ya Marekani, aliwaambia waandishi wa habari kwamba meli lazima ilikuwa ndani ya eneo la hatari lililokuwa limetangazwa. Vipimo vya meli vinaonyesha ilikuwa nje ya eneo hilo, na baada ya mlipuko Marekani yenyewe ililipanua sana. Mhariri mwenye hasira ataandika kwamba Strauss alisema uongo. Mhariri mzuri ataandika nani alisema nini, siku gani, meli ilikuwa wapi kwa vipimo, na eneo lilipanuliwa lini. Msomaji atafika mwenyewe pahali pa kufika, na hakuna atakayeweza kuifuta sentensi kwa kusema ni matusi.

Kifo cha Kuboyama ni kigumu zaidi. Madaktari wa Japani walisema ameuawa na ugonjwa wa mionzi. Upande wa Marekani ulisema ni ugonjwa wa ini, uliotokana na damu aliyoongezewa hospitalini. Wavuvi wengine wa meli ile kweli walipata ugonjwa wa ini miaka iliyofuata. Na mtu anaweza kujibu upesi: wangeongezewa damu kwa sababu gani, kama si lile vumbi? Jibu hilo lina nguvu. Lakini katika kamusi elezo hilo ni jibu la nani? Likiwa la daktari aliyeliandika katika kitabu, linaingia na jina lake. Likiwa la mhariri mwenyewe aliyeketi usiku na simu yake, linabaki nje.

Hata pesa zina ugomvi wa maneno. Januari 1955 Marekani ilikubali kulipa Japani dola milioni 2. Kuita pesa hizo fidia tayari ni kuchukua upande, kwa sababu anayelipa fidia amekubali kwamba ana deni. Marekani ilizitoa kwa sharti kwamba si kukubali kosa mbele ya sheria. Familia yoyote ya huku iliyopewa bahasha baada ya mtoto kugongwa na gari ya mkubwa inajua tofauti hiyo vizuri sana.

Sasa ule mstari juu ya Kongo.

Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa na urani yenye nguvu kuliko karibu zote zilizojulikana duniani wakati huo. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka tani 1,200 hivi za mawe hayo New York, yakawekwa katika bohari huko Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na likaagiza mengine. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Katanga. Hilo limeandikwa katika vitabu vingi vya historia. Na baada ya vita, kufika mwanzo wa miaka ya 1950, Kongo iliendelea kuwa ghala kubwa la urani ya Marekani.

Upande wa pili, Castle Bravo. Watu wanaita bomu la haidrojeni na kufikiri halina urani. Lilikuwa nayo. Sehemu kubwa ya nguvu zake, megatoni 10 hivi kati ya 15, ilitokana na urani iliyozungushiwa bomu.

Mkongo anaweka kweli hizi mbili pamoja. Urani ya Marekani ilitoka Kongo. Bomu lililowachoma wavuvi wa Yaizu lilikuwa na urani. Basi kidole kinaandika: wavuvi wa Daigo Fukuryū Maru waliunguzwa na urani ya Katanga, iliyochimbwa na Wakongo.

Mstari huo ni mzuri kwa kusikia. Unaunganisha maskini wa pande mbili za dunia, unamwonyesha mkubwa kati yao. Unafaa kwa hotuba. Na Wikipedia inaukataa, kwa sheria yenye kuonekana ndogo: usichukue chanzo kimoja kinachosema A, na kingine kinachosema B, ukatoa C ambayo hakuna hata kimoja kati yao kilichoisema. Hata kama A ni kweli. Hata kama B ni kweli.

Wengi wanaona sheria hii ni ujanja wa Wazungu wa kuficha mambo yao. Waangalie kwanza kilichomo ndani ya ile C. Kufika mwaka 1954 Marekani ilikuwa inapata urani pia Kanada, Afrika ya Kusini, na katika migodi yake yenyewe upande wa Colorado. Mawe ya migodi hiyo yalikuwa yanaingia katika viwanda, yanayeyushwa, yanasafishwa, yanageuka chuma. Chuma hakina kabila. Kusema kipande fulani kilichokuwa ndani ya bomu fulani kilitoka shimo fulani, lazima awepo mtu aliyeshika karatasi za kiwanda na kufuata safari hiyo mpaka mwisho. Anayesema bila karatasi hizo hatoi ushuhuda. Anakisia, na kukisia kwake kumevaa koti la ukweli juu sehemu zake mbili za kwanza ni za kweli.

Na kukisia kwa namna hiyo kumeua watu huku kwetu.

Mwaka 2018 Ebola iliingia Beni na Butembo. Hiyo ni kweli ya kwanza. Tarehe 26 Desemba mwaka ule CENI ikatangaza kwamba wakaaji wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima tarehe 30, na sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Hiyo ni kweli ya pili. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa yanajaa, na mtu aliyenyimwa kura tu alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini kutokea hapo watu wengi waliunganisha: Ebola imeletwa kuondoa kura zetu; basi Ebola haipo; basi wale wenye mavazi meupe ni watu wa mradi. Maneno hayo ya tatu hayakuwa na shahidi. Yalitembea kwa miguu ya yale mawili yaliyokuwa nao. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, alipigwa risasi na kufa akiwa kazini Butembo. Uvumi haukuwa sababu pekee. Makundi yenye silaha yalikuwepo kabla yake, na watu wa Beni walikuwa wameuawa miaka mingi bila kusikilizwa. Lakini wagonjwa walifichwa nyumbani, walizikwa usiku, na ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Katika maisha ya kila siku ya wahamishwa jambo hilo linakuja kwa sura ndogo zaidi. Liste ya kupokea chakula imeandikwa upya, na majina fulani hayapo. Usiku gari limeonekana nyumbani kwa mkubwa wa kamati. Kabla ya saa mbili asubuhi ujumbe wa sauti unasema mkubwa ameuza jetoni. Pengine ameuza kweli! Wako waliouza. Lakini aliyeona liste hakuona gari, aliyeona gari hakuona jetoni, na mwenye sauti ile ya WhatsApp hakuona chochote. Ama wageni wameshuka bandarini jioni, na usiku risasi zimelia. Asubuhi kijana wa kabila lile la wageni anafukuzwa kwa mawe na watu ambao wote, ukiwauliza mmoja mmoja, wanaeleza jambo la kweli.

Hapo ndipo mpangilio wa kamusi elezo, na ubaridi wake wote, unaizidi WhatsApp. Katika Wikipedia kila badiliko linaacha alama: saa, tarehe, jina la aliyehariri, neno alilotoa na neno alilotia. Mtu anabofya sehemu ya historia ya ukurasa na kuona yote tangu siku ya kwanza. Aliyefuta habari ya kifo cha Kuboyama anaonekana, na aliyeirudisha anaonekana. Nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa Majadiliano, pahali ambapo watu wasiokubaliana wanapaswa kuelezana kabla ya kufuta kazi ya mwingine, na katika Wikipedia ya Kiingereza anayerudisha maneno yake zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Ujumbe wa sauti hauna ukurasa wa nyuma. Una maneno tu yanayosema umetumwa mara nyingi, na kwa masikio ya wengi hayo yanaongeza uzito, kama kwamba kurudiwa ni ushahidi.

Kuna pingamizi moja, na ni zito. Sheria inayodai chanzo kilichoandikwa inampendelea mwenye magazeti. Angalia Japani: wavuvi 23 walipata gazeti la Yomiuri, madaktari wa chuo kikuu, vitabu, mpaka nyumba yao ya maonyesho. Siku ileile, vumbi lileile lilianguka juu ya kisiwa cha Rongelap, kilichokuwa na watu 64. Watoto walilichezea. Waliondolewa na meli ya Marekani tarehe 3 Machi, wakarudishwa mwaka 1957 wakiambiwa hakuna shida tena, na mwaka 1985 wakaomba meli Rainbow Warrior ya shirika la Greenpeace iwahamishe, juu hawakuamini tena ardhi yao. Wahamishwa wa huku hawahitaji kuelezwa maana ya kuambiwa rudini, kijiji kimetulia. Na bado, katika kumbukumbu ya dunia, meli moja imejulikana kuliko kisiwa kizima.

Shinkolobwe iko chini zaidi. Mawe yake yanajulikana kwa tani. Jina la mzungu aliyeyauza linajulikana. Wachimbaji waliyoyabeba kwa mikono, je? Wao hawakuwa na gazeti la kuwauliza wanaumwa nini. Kwa hiyo mtu akisema sheria ya vyanzo inaendeleza kimya cha zamani, anasema kweli.

Isipokuwa dawa yake haiwezi kuwa kuchomeka Katanga ndani ya makala ya meli ya Yaizu. Mstari ule ukiingia, mhariri mmoja Ujerumani ama Brazil ataufuta ndani ya siku moja, kwa haki, na ataandika pembeni sababu moja fupi: hakuna chanzo. Mbaya zaidi, msomaji atakayeona jambo hilo atashuku hata yale ambayo Kongo ina ushahidi wake kamili, yaani Hiroshima. Uongo mdogo wa mtu mwenye haki unakula haki yake.

Wajapani wenyewe walionyesha njia, na haikuwa rahisi kama inavyoonekana leo. Baada ya kusafishwa, meli ilipewa jina lingine, Hayabusa Maru, ikafundishia wanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Tokyo. Mwaka 1967 iliuzwa kama takataka. Ikatupwa Yumenoshima, pahali pa kumwagia uchafu wa jiji; kwa dharau ya maneno, jina hilo maana yake ni kisiwa cha ndoto. Mwaka 1968 kijana wa miaka 26 akaandika barua fupi kwa gazeti akiomba meli isiachwe ioze. Watu wakachanga, wakabishana na serikali ya jiji, na mwaka 1976 nyumba ya maonyesho ikafunguliwa palepale. Mmoja wa wavuvi, Oishi Matashichi, alikuwa amehama Yaizu muda mrefu. Majirani walikuwa na wivu juu ya zile pesa, na watu waliogopa kuoa katika familia za wavuvi wale. Alijificha katika wingi wa watu wa Tokyo akafungua duka la kufua nguo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa. Alinyamaza karibu miaka 30, kisha miaka ya 1980 akaanza kuwaeleza wanafunzi wa shule, na akaandika vitabu. Alikufa mwaka 2021. Mengi ambayo makala ya Wikipedia inaweza kusema leo juu ya saa zile za chini ya vumbi, inayasema kwa sababu mfua nguo mmoja aliacha kunyamaza na mtu mwingine akachapa maneno yake.

Kwa Kongo, urani ina makala zake. Kuna ya Shinkolobwe, kuna ya Union Minière, kuna ya mradi wa bomu la Hiroshima. Huko mstari juu ya Katanga haufutwi na mtu, kwa sababu vitabu vipo. Kazi inayobaki ni kuhakikisha umeandikwa vizuri, na umeandikwa kwa Kiswahili, lugha ya wale waliochimba. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 70,000, lakini nyingi ni fupi kama tangazo la kifo, na zile zinazohusu mashariki ya Kongo mara nyingi zimeandikwa na watu wasiojua tofauti ya Kalehe na Kalemie. Mwanafunzi wa Likasi, Bukavu ao Uvira mwenye simu na mega kidogo anaweza kurekebisha. Haombi ruhusa kwa mtu.

Mhamishwa anayetaka kujaribu ajue mambo mawili ya usalama. Afungue akaunti kwa jina ambalo si lake la kweli, kwa sababu anachoandika kitabaki kinaonekana na dunia nzima. Na asiandike kamwe pahali familia fulani imelala ama njia iliyopitia, hata kama ni kweli na ana chanzo. Kamusi elezo inaweza kusubiri miaka. Mtu mwenye bunduki anasoma leo.

Kwa upande wa wachimbaji, hakuna cha kuhariri kabla ya mtu kuwauliza. Redio za mtaa za Haut-Katanga zina vinasa sauti. Mazungumzo yaliyorekodiwa, yenye tarehe, pahali, jina la mzee na ruhusa yake, yakachapishwa na redio yenyewe ao na chuo kikuu cha Lubumbashi, tayari ni karatasi ambayo mhariri anaweza kuitaja. Mzee akisema alibeba mawe ya rangi, na mkewe akapoteza mimba tatu, andika kwamba mzee alisema hivyo. Usiandike kwamba urani iliua mimba tatu. Daktari akija siku moja na vipimo, ataandika sehemu yake.

Mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa saruji mwaka 1960. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akifanya kazi pale mwaka ule, kama bado yuko hai, amepita miaka 80. Akiketi jioni mbele ya nyumba yake Likasi, wajukuu wake wana simu mkononi.